Mwenye Chombo Hukaa na Chombo Chake

Kulikuwa na nchi moja, na ningependa sana kuwatajia jina lake, ila jina lenyewe lilipelekwa wizarani mwaka juzi kufanyiwa marekebisho na mpaka leo halijarudi. Tuseme tu ni nchi njema, yenye watu wapole, hewa safi na mihuri mingi.

Ukingoni mwa bonde moja pana la nchi hiyo waliishi Bi. Zawena Simbeye, mwalimu wa hesabu, na baba yake, Mzee Simbeye, pamoja na ndege yao isiyo na injini. Msishangae. Ilikuwa ndege ya viti viwili, mbawa ndefu nyembamba, na watu wa pale waliiita tiara. Ilivutwa kwa kamba iliyozungushwa na injini ya lori kuukuu. Ikishapata kimo kamba iliachiwa, na kuanzia hapo ilielea kwa upepo unaopanda kutoka bondeni. Mzee aliiunda mwenyewe enzi za ujana wake, akairusha miaka arobaini. Mbele ya rubani palikuwa na saa tatu za kupimia: ya mwendo, ya kupanda na kushuka, na ya tatu ndiyo altimita, ile inayokwambia uko juu mita ngapi.

Mwaka ule saa zote tatu zilikufa kwa mpigo mmoja, kwa sababu nyigu walijenga ndani ya mrija unaozipelekea hewa. Altimita ikagoma kwenye mita mia sita, hata ndege ikiwa imelala bandani. Na mwaka huohuo daktari alimwambia Mzee Simbeye kwamba presha ya macho imemla: jicho la kushoto limekwisha, la kulia lina miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Mzee hakulalamika. Alisema ana ombi moja tu, kwamba kabla giza halijafunga bintiye amrushe, alione bonde kwa juu mara ya mwisho. Zawena akamjibu kwamba hilo si ombi, hilo ni deni lake yeye kwa mzazi. Akazing'oa saa zile, akazifunga kwenye khanga, akaenda nazo mji mkuu. Alikusudia kurudi kesho yake.

Kesho yake! Maskini Zawena.

Lazima kwanza niwaeleze desturi ya watu wale. Ukipeleka redio kwa fundi huiachi ukaenda zako. Unavuta kigoda, unakaa, unamkodolea macho fundi mpaka skrubu ya mwisho, maana ukimpa kisogo utarudishiwa redio yenye sura ileile na matumbo ya redio nyingine. Fundi hachukii, mteja haoni haya, na soga hunoga kwelikweli. Desturi hiyo ilidumu vizazi na vizazi bila kumdhuru mtu, mpaka Serikali ilipoiona. Serikali ikashangaa kitu kizuri namna hiyo kiliachwaje bila sheria. Bunge likapitisha Sheria ya Kukaa na Chombo, yenye vifungu themanini na viwili. Kifungu cha kwanza kinasema: mwenye chombo hukaa na chombo chake mpaka kitakapoidhinishwa. Vifungu themanini na kimoja vilivyobaki ni adhabu.

Katika Idara ya Vipimo Sahihi, Zawena alipokelewa vizuri mno. Karani alimjazia Fomu ya Kukaa, akampa namba kumi na tisa, akamwonyesha benchi refu uani ambako watu kumi na wanane walikuwa wamekaa, kila mmoja na namba yake kifuani. Fundi wa Idara, Kapulya, mtu wa miwani minene na maneno machache, akazipokea zile saa. Aliuzibua mrija, akatoa udongo wa nyigu, akabadilisha kiwambo kimoja kilichochanika, akaziingiza kwenye chupa ya kunyonya hewa, akazilinganisha na safu ya zebaki, akakaza. Alianza saa nne kasoro robo. Saa tano kamili alikuwa amemaliza. Akamnong'oneza Zawena kwamba sasa haziwezi kukosea hata mita mbili.

Zawena akashukuru, akanyoosha mkono. Fundi akazifungia kabatini. Imebaki sahihi ya Mkaguzi Mkuu, akasema, huku akiangalia kando. Zawena akauliza huyo Mkaguzi Mkuu yuko wapi, na benchi zima likacheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Kila mmoja alikuwa amewahi kuuliza swali hilohilo.

Kiti cha Mkaguzi Mkuu kilikuwa wazi kwa miaka kumi na mmoja.

Aliyemfungulia habari hizo ni Bwana Shomvi, mwenye bucha, ambaye alikuwa amekaa na mizani yake ya nyama kwa miaka minne na alikuwa mwenyekiti wa benchi kwa kura zote. Alimwonyesha Zawena kabati la kioo katikati ya ukumbi. Ndani yake kilikaa Kipimo Mama, altimita kubwa ya shaba, na sheria ilitaka kila chombo kinachotoka kilinganishwe nacho kwanza. Mizani ya nyama inalinganishwaje na altimita, Shomvi hakujua. Aliwahi kuuliza, akaambiwa kipimo ni kipimo.

Shida ilianza siku ya uzinduzi. Waziri alikinyanyua Kipimo Mama ili wananchi wakione, kikamponyoka. Sindano yake ikaruka ikakwama kwenye mita elfu moja mia nane na arobaini, ilhali mji mkuu uko mita elfu moja mia mbili na kumi na mbili. Waziri alikuwa mwepesi wa akili; akatangaza palepale kwamba mji umepanda. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo hicho ndicho kimo cha mji mkuu. Watoto wanakikariri shuleni, na timu ya taifa ikifungwa nyumbani husema kimo kiliwabana pumzi.

Mkaguzi Mkuu wa kwanza aliandika kwamba Kipimo Mama kimeharibika, akafungwa miaka miwili kwa kosa la kuushusha mji mkuu hadharani. Wa pili akajifunza kwa mwenzake, akazichezea altimita zote zikubaliane na Kipimo Mama. Ndege ya kunyunyizia nzige dawa ikaparaza kilima ambacho, kwa saa yake, kilikuwa chini kabisa. Rubani alipona na mkono uliovunjika, Mkaguzi akafungwa. Wa tatu aliteuliwa asubuhi, akakitazama Kipimo Mama kwa makini, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, na bado anasubiriwa. Baada yake, mtu yeyote mwenye macho yake mawili hakukitaka kile kiti.

Zawena alijaribu kila njia. Kutoroka kuliitwa kutelekeza chombo: miezi sita ndani, na chombo kinapigwa nyundo. Ndugu wa damu aliruhusiwa kukaa badala ya mwenye chombo, lakini ndugu wa damu aliyekuwa naye ni baba yake tu, na ni kwa ajili ya huyohuyo baba alikuwa amekuja. Akaandika barua ya malalamiko, kurasa tatu, hati safi ya mwalimu. Jibu lilikuja haraka na kwa adabu. Lilieleza kwamba malalamiko ni chombo cha raia, yamepokelewa, yatakaguliwa, na kwa mujibu wa kifungu cha kwanza mwenyewe akae nayo. Karani akambandika namba ya pili kifuani. Sasa akawa amekaa na vitu viwili.

Basi akakaa. Asubuhi wote walisimama wakakiimbia Kipimo Mama wimbo wa taifa. Mchana waliletewa maharage. Kila mwisho wa mwezi Mkurugenzi, Daktari Profesa Mhandisi Lutufyo, alitoka ofisini na kuwahutubia, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Ndugu wakaaji," alisema safari moja, "ziko nchi ambazo watu wake hukaa bure, hawana hiki wala kile. Ninyi mnakaa na vyombo vyenu! Nani kati yenu aliwahi kupewa benchi la serikali na baba yake mzazi?"

Hakupatikana aliyewahi. Mkurugenzi akaridhika, akarudi ndani.

Lililomtesa Zawena ni hesabu. Watu wengine wa benchi walikuwa wamekwisha kuacha kuhesabu siku, na walinenepa. Yeye alihesabu. Kila Ijumaa aliruhusiwa kupiga simu kwa dakika tano, na kila Ijumaa Mzee alimwambia kwamba mambo ni shwari, macho yapo, asiwe na haraka. Ijumaa ya tano alisikia kikombe kikianguka, na mzee akacheka sana, akasema paka. Hawakuwa na paka. Zawena alirudi kwenye benchi akalia, na alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, maana saa zilikuwa nzima pale kabatini, hatua kumi tu kutoka alipokaa, na kazi iliyozitengeneza haikuchukua hata muda wa kuchemsha maharage.

Siku ya hamsini na tatu Mzee Simbeye alitokea mwenyewe. Jirani alimleta kwa pikipiki, akamshusha langoni. Aliingia na fimbo, kofia nyeupe kichwani, akipapasa ukuta. Njiani palikuwa na ndoo ya maji ya mfagiaji, na mzee aliizunguka bila kuigusa. Zawena akaliona hilo na moyo wake ukatulia kidogo. Jicho la kulia lilikuwa bado lina uhai.

Akamwamkia, akamkalisha. Mzee akasema amekuja kukaa yeye, binti aende nyumbani. Zawena akakataa katakata. Alimwambia hayo hayawezekani, kwamba miezi yote hii ni kwa sababu ya safari moja, na safari hiyo haina maana abiria akibaki benchini.

"Mwanangu," Mzee alisema, "bonde lile nimeliona miaka arobaini. Wewe una thelathini na saba, na wanakuzeesha hapa."

Walikuwa katika ubishi huo Mkurugenzi alipopita. Akaiona fimbo. Akasimama, akarudi hatua mbili, akainama mbele ya mzee akimkagua usoni kwa tamaa ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Akauliza kwa sauti ya taratibu kama mzee wetu huyu anaona.

Mzee Simbeye alimgeukia binti yake kwanza, akamtazama usoni kwa lile jicho moja, akamtazama kwa kirefu, kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevu. Kisha akayaacha macho yaelee.

"Sioni, mheshimiwa," akasema. "Ni giza tupu."

Zawena alifungua kinywa. Mzee akamkanyaga mguu chini ya benchi.

Walimpima ofisini mwa Mkurugenzi, mlango wazi, wakaaji wote wakichungulia. Walimpungia vidole, hakupepesa. Walimwashia tochi, hakukunja uso, ingawa Zawena aliona vidole vyake vikiuma ile fimbo. Mwisho wakamwekea mbele picha kubwa ya Mkuu wa Nchi, wakamwuliza anaona nini. Mzee akasema haoni kitu. Hapo Mkurugenzi hakuwa na shaka tena, kwa sababu katika nchi ile hakuna mwenye macho angethubutu kukaa mbele ya picha ile bila kuisifia. Wakampeleka mpaka kwenye kabati la kioo, wakamsimamisha mbele ya Kipimo Mama na sindano yake iliyokwama.

"Unaona kosa lolote?" Mkurugenzi akauliza.

"Sijaona kosa."

Mkurugenzi alitoa kitambaa akajifuta macho. Miaka kumi na mmoja Idara ilitafuta mtu wa namna hii kwenye vyuo vikuu! Alisema kosa la taifa lilikuwa kudhani kwamba ukaguzi ni kazi ya wenye kuona.

Mzee alikuwa na swali moja tu. Akitia sahihi, binti yake anatoka lini? Akajibiwa kwamba atatoka leo hii, kabla ya chai ya saa kumi. Mzee akaomba kalamu.

Redio ikatangaza uteuzi saa saba mchana, na katika nchi ile uteuzi ukishatangazwa redioni haukataliwi, kama vile mvua haikataliwi ikishanyesha. Fundi Kapulya aliushika mkono wa Mzee akauongoza, na sahihi zikaanza kumwagika, kutoka namba moja mpaka kumi na tisa, pamoja na ile namba ya pili ya Zawena. Bwana Shomvi alikabidhiwa mizani yake akaenda nayo mpaka langoni, akasimama. Hakujua tena mtu anatokaje. Askari ilibidi amsukume kidogo mgongoni, kwa upole, naye akatoka akilia.

Zawena alipata nafasi ya kumwinamia baba yake wakati karani akitafuta wino wa muhuri. Akamwambia kwa kunong'ona kwamba anajua anaona, na kwamba yuko tayari kusema, sasa hivi, mbele ya wote.

"Ukisema tutafungwa wawili na saa zitapigwa nyundo," Mzee akamjibu. "Nina wiki mbili hivi zimebaki. Usizitupe."

Zawena akamwuliza Mkurugenzi baba yake atamaliza kazi saa ngapi. Mkurugenzi akamweleza kwa furaha. Mkaguzi Mkuu ndiye mlezi wa Kipimo Mama, na mlezi wa chombo hukaa na chombo. Atakaa mpaka Kipimo Mama kitakapotengenezwa. Na kwa kuwa Kipimo Mama hakijaharibika, hakiwezi kutengenezwa. Mzee atakuwa na chumba, kitanda cha chuma, na askari wawili wa kumshika mkono. Zawena akatolewa nje na saa zake tatu kwenye khanga, saa kumi kasoro dakika tano.

Siku ya nne baada ya hapo alizifunga saa mahali pake, akajaribu kila moja, akapanda kwenye tiara peke yake. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na mkanda wake aliufunga ili usigonge-gonge. Injini ya lori ikanguruma, kamba ikavuta, kamba ikaachiwa, na bonde likafunguka chini yake lote, mto na mashamba na kivuli cha mawingu. Hakulitazama. Alikuwa na kinyongo nalo. Akaufuata ukingo kuelekea mashariki, akipanda chini ya wingu moja, akiteleza mpaka wingu la pili, na baada ya saa nzima akaona mabati ya mji mkuu.

Fundi Kapulya alikuwa amemnong'oneza kwamba saa sita mchana Mkaguzi Mkuu atakuwa akitolewa uani kuota jua. Akaligeuza bawa, akaanza kuzunguka juu ya ua wa Idara. Tiara haina mlio. Ni kivuli chake kilichopita juu ya benchi ndicho kilichowashtua. Askari wakainua nyuso. Karani akatoka na kalamu sikioni, akainua uso. Wakaaji wapya, maana walikuwa wamekwisha kupatikana wapya, waliinua nyuso wote wakawa wanaonyesheana kwa vidole. Kofia nyeupe peke yake haikuinuka.

Zawena alizunguka mara ya pili akiwa chini zaidi, akidhani hajamwona. Ndipo akaelewa. Kipofu hatazami ndege isiyo na mlio. Baba yake alikuwa amekaa amenyooka kwenye kiti cha serikali, na askari kila upande, wiki mbili za jicho lake zikiwa zimepungua siku nne, na alikuwa anautazama ukuta. Alijua ni nani aliye juu. Mtu aliyeiunda tiara ile angekijua kivuli chake kwa umbo tu. Zawena akaichukia Idara, akaichukia sahihi, akazichukia saa zilizokuwa mbele yake na mishale yake mitatu iliyosema kweli tupu.

Altimita ilisema mita mia tatu juu ya mabati. Kwa kimo hicho angeweza bado kurudi nyumbani. Akashusha pua. Mia mbili na hamsini. Mia mbili. Kwenye mia moja na hamsini akajua kwamba nyumbani hafiki tena, akafungua kidirisha cha pembeni, upepo ukaingia ukivuma, akatoa kichwa nusu.

"Baba!"

Akamwona mzee akishtuka. Mzee aliiweka fimbo chini polepole, akainua uso juu. Aliuinua pembeni kidogo, upande usio wenyewe, kama wanavyofanya vipofu wakisikia sauti, lakini kofia ikamdondoka kisogoni na hakuiokota. Zawena aliita tena na tena, hata bila neno, alipiga kelele tu ili mzee apate kibali cha kuendelea kutazama. Na tiara ilipomaliza duara na kuteleza nje ya mji, ule uso uliokuwa umeelekezwa juu ulikuwa bado unaifuata. Zawena alitua kwenye uwanja wa mpira wa shule moja, goli likakosa kumvunjia bawa kwa shibiri mbili, na alikaa ndani ya ndege muda mrefu kabla hajafungua kifuniko.

Askari wa zamu aliandika kitabuni kama ilivyompasa: saa sita na dakika kumi, Mkaguzi Mkuu amesikia sauti angani, ameigeukia kwa muda wa dakika mbili na nusu. Mkurugenzi akasoma, akashuku, akakesha na sheria mezani akivipitia vifungu vyote themanini na viwili. Akakuta kusikia hakujatajwa popote. Suala hilo sasa limepelekwa bungeni.